Bangi na Ubongo wa Kijana

Anayesokota bangi huanza kwa kuichambua. Hukiweka kichwa kikavu cha ua kiganjani, akakifikicha kwa kidole gumba, akaondoa vijiti na kupukuta mbegu, maana mbegu ikishika moto hupasuka na kurusha cheche zinazotoboa shati. Kinachobaki ni unga wa kijani unaonata kidogo, ambao huviringishwa kwenye karatasi ya rizla, na rizla isipopatikana, kwenye karatasi yoyote iliyo karibu. Msokoto mzima hauzidi sana uzito wa njiti tatu au nne za kiberiti. Kitu chepesi kiasi hicho kimezua ubishi mkubwa majumbani mwetu. Mzazi anasema bangi inatia wazimu. Kijana anajibu kwamba ni mmea tu, umeoteshwa na Mungu. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na wote wawili wameliacha swali lililo kubwa kuliko mengine, yaani anayevuta ana umri gani.

Jina lenyewe tulilipata kwa njia ya bahari. Wahindi huuita mmea huu bhang, na biashara ya Bahari ya Hindi ndiyo iliyofikisha neno na mbegu kwenye pwani yetu, karne nyingi kabla ya wakoloni. Leo kila mtaa una jina lake la kificho: ndumu na msuba kwa vijana wa Dar es Salaam, ngwai na ndom kwa wa Nairobi, njaga kwa Waganda. Wataalamu wa mimea huuita Cannabis sativa, na jamaa yake wa karibu ni hopsi, mmea unaoipa bia uchungu wake. Kama mpapai, bangi ina mimea dume na mimea jike. Kinacholevya kimejaa zaidi kwenye maua ya jike, yaliyofunikwa na vinyweleo vidogo vyenye utomvu. Jike lisipochavushwa halitoi mbegu, na huendelea kutoa utomvu kwa wingi. Wakulima walipolijua hilo wakawa wanang'oa madume mapema, wakachagua mbegu kizazi baada ya kizazi, na ndivyo ilivyopatikana bangi kali ambayo hapa kwetu huitwa skanka.

Ukali huo unapimika. Marekani, ambako bangi inayokamatwa hupimwa maabara mwaka hadi mwaka, kilevi chake kikuu, THC, kilikuwa kama asilimia 4 mwaka 1995. Kufikia 2021 kilikuwa kimefika kama asilimia 15. Kwa hiyo mzee anayesimulia kwamba aliivuta ujanani na hakudhurika huenda anasema kweli kabisa, ila anasimulia kitu kingine. Ni kama mtu aliyezoea bia kumshauri anayekunywa gongo.

THC ni kifupi cha tetrahidrokanabinoli, moja kati ya kemikali zaidi ya 100 za jamii ya kanabinoidi zilizomo katika mmea huu. Ilitengwa mwaka 1964 nchini Israel na Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni. Yaliyogunduliwa baadaye yalistaajabisha zaidi. Mwaka 1990 wanasayansi walikitambua kinagaubaga kipokezi kinachoshikwa na THC ndani ya ubongo, mfano wa kitasa kinachosubiri ufunguo. Sasa ubongo wa binadamu una kazi gani na kitasa cha mmea wa shambani? Jibu lilipatikana mwaka 1992, pale kundi la Mechoulam lilipoupata ufunguo wa asili: kemikali inayotengenezwa na ubongo wenyewe. Waliiita anandamaidi, kutokana na neno la Kisanskriti ananda, lenye maana ya furaha.

Anandamaidi hutengenezwa kidogo kidogo, pale tu inapohitajika, kisha huvunjwa papo hapo. Kazi yake ni kutuliza. Seli ya neva ikizidisha kutuma ujumbe, seli inayopokea huirudishia anandamaidi kama kuiambia ipunguze. THC huingia kwenye vitasa hivyohivyo, lakini haivunjwi upesi, na hufika kila mahali kwa wakati mmoja. Ndiyo maana athari za bangi hufuata vitasa vilipo. Vipo vingi kwenye sehemu inayohifadhi kumbukumbu, kwa hiyo mvutaji husahau alichokuwa akisema kabla sentensi haijaisha. Vipo kwenye ubongo wa nyuma unaosimamia mwendo na mizani ya mwili, na mkono wa mwendesha bodaboda huchelewa kushika breki. Vipo kwenye sehemu inayosimamia njaa, na ugali wa jana huwa mtamu ghafla. Vipo pia kwenye kiini cha hofu. Hapo mmoja hutulia tuli, na mwenzake aliyevuta msokoto uleule hutetemeka akiamini askari wameizingira nyumba.

Kwenye shina la ubongo, linaloendesha pumzi, vipokezi hivi ni vichache mno. Heroini huua kwa kuisimamisha pumzi; bangi haina njia hiyo. Huu ndio ukweli ulio nyuma ya maneno ya kijiweni kwamba bangi haijawahi kuua mtu, na hauna sababu ya kufichwa. Kijana akigundua kwamba tumemdanganya juu ya jambo moja analoliona kwa macho yake, hatatusikiliza tutakapomweleza yale asiyoweza kuyaona.

Namna ya kutumia nayo hubadilisha mengi. Moshi ukivutwa, THC huingia kwenye mapafu, kisha kwenye damu, na hufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Macho huwa mekundu, mate hukauka, moyo huenda mbio, na saa mbili hadi nne baadaye ulevi mwingi huwa umepungua. Ikiliwa, kwa mfano ikichanganywa kwenye biskuti au keki, hupitia tumboni na kwenye ini kwanza. Ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayolevya zaidi, na safari hiyo huchukua nusu saa hadi saa mbili. Hapo ndipo watu huumia. Mtu hula kipande, akasubiri, akaona hakuna kitu, akaongeza cha pili, na vyote viwili vikampanda pamoja kwa saa sita au zaidi. Mtoto mdogo aliyeokota biskuti ya kaka yake anaweza kulala usingizi usioamshika. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe alichokula bila kufichwa. Aibu ya familia isimcheleweshee tiba.

THC hupenda mafuta. Ulevi ukishaisha hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka taratibu, ndiyo sababu mkojo wa mvutaji wa kila siku unaweza kuonyesha dalili zake wiki kadhaa baada ya kuacha. Mwanafunzi aliyevuta Jumapili jioni hajamaliza habari yake Jumatatu asubuhi. Akili inayokaa darasani siku hiyo bado ni nzito, hasa kama kuvuta ni mazoea.

Tuje sasa kwenye umri. Ubongo haumalizi kukua mtu anapobalehe, wala anapoota ndevu. Huendelea kujijenga hadi karibu miaka 25, na sehemu inayochelewa kuliko zote ni ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopanga mambo, kupima hatari na kuzuia pupa. Ujenzi huu hufanana na kazi ya mkulima wa kahawa. Utotoni ubongo huotesha matawi mengi kupita kiasi, na ujanani huyapogoa: njia zinazotumika huimarishwa, zisizotumika hukatwa. Kanabinoidi za mwili wenyewe, anandamaidi na wenzake, zina kazi katika upogoaji huo. Kijana wa miaka 14 anayevuta kila siku huwa amemwingiza mtu mwingine shambani mwake na panga mkononi, katika miaka ambayo matawi ya kubaki yanachaguliwa.

Ushahidi unaotajwa mara nyingi ulitoka Dunedin, New Zealand, ambako watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa maisha yao yote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba walioanza bangi wakiwa vijana wadogo na kuendelea kuitegemea ukubwani walipoteza hadi pointi 8 za kipimo cha akili kati ya umri wa miaka 13 na 38, na walioacha baadaye hawakuzirudisha zote. Walioanza wakiwa watu wazima hawakuonyesha upotevu kama huo. Watafiti wengine waliolinganisha mapacha, mmoja mvutaji na mwingine si mvutaji, hawakuiona tofauti hiyo, wakasema huenda malezi na mazingira ya nyumbani ndiyo yanayoeleza sehemu kubwa. Ubishi huo haujafungwa. Hata hivyo, mimi siwezi kumwambia mzazi asubiri wanasayansi wakubaliane wakati mwanawe wa kidato cha pili anavuta nyuma ya choo cha shule. Kumbukumbu na usikivu hushuka katika miezi ya kuvuta, hilo halina mpinzani, na miezi hiyo ndiyo ya mitihani. Aliyekosa nafasi ya kidato cha tano hurudishiwa kumbukumbu yake baadaye, nafasi harudishiwi.

Kuhusu wazimu, historia inatutaka tuwe waangalifu pande zote mbili. Mwaka 1893 serikali ya kikoloni ya India iliunda tume kuchunguza bangi, ikahoji mashahidi zaidi ya elfu moja na kukagua vitabu vya hospitali za wagonjwa wa akili. Vitabu hivyo vilionyesha wagonjwa wengi walioharibiwa na bangi. Tume ilipofuatilia mgonjwa mmoja mmoja, ikakuta kwamba mara nyingi neno hilo lilijazwa tu na polisi au karani, kwa kuwa fomu ilitaka chanzo na hakuna aliyekuwa nacho. Nasi tunafanya hivyohivyo hadi leo. Kijana akianza kuzungumza peke yake, jirani husema ni bangi, shangazi husema amerogwa, na kati ya kauli hizo mbili miezi hupita kabla hajaonwa na daktari.

Lakini tume ile haikuwa na takwimu tulizonazo sasa. Sweden iliwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970. Matokeo yake, yaliyotoka mwaka 1987, yalionyesha kwamba waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, mara sita zaidi ya wasiovuta. Mwaka 2019 utafiti uliofanywa katika maeneo 11 ya Ulaya na Brazil uliona kwamba wanaovuta kila siku walikuwa na uwezekano wa kuugua kichaa cha mara ya kwanza mara tatu zaidi, na wanaovuta kila siku bangi kali karibu mara tano. Skizofrenia huwapata watu wachache, chini ya mmoja katika mia, kwa hiyo wavutaji wengi hawataugua. Ila hatari haijagawanywa sawasawa. Humwangukia zaidi aliyeanza mapema, anayevuta kila siku, anayevuta iliyo kali, na ambaye katika ukoo wake kuna mjomba au bibi aliyewahi kuugua akili. Wapo pia wanaoanza kuvuta baada ya sauti kuanza kuwasumbua kichwani, wakitafuta utulivu. Kwao bangi ilikuja nyuma ya ugonjwa na kuuzidisha.

Kwa sababu hiyo daktari mzuri wa akili haishii kuuliza kama mgonjwa anavuta. Huuliza tangu lini, mara ngapi, ya aina gani, na kwao nani aliwahi kuugua. Swali la mwisho ndilo linalowanyamazisha ndugu waliomleta. Hutazamana kwenye benchi, mmoja akasema hakuna, kisha mama mtu mzima aliyekaa pembeni akakumbuka yule ndugu aliyekuwa akifungiwa chumba cha uani. Habari hiyo moja ina thamani kubwa katika matibabu, na ingekuwa na thamani zaidi kama kijana angeambiwa kabla ya msokoto wa kwanza.

Mwili nao una yake. Moyo huongeza mapigo 20 hadi 50 kwa dakika, mzigo ambao kijana huubeba na mwenye shinikizo la damu huulipia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 uliona kwamba katika saa moja baada ya kuvuta, hatari ya shambulio la moyo hupanda karibu mara tano. Mapafu huumizwa na moshi wenyewe, unaovutwa kwa kina na kuzuiwa ndani kwa makusudi, na wavutaji wa kila siku huishi na kikohozi chenye makohozi mazito. Uhusiano wa bangi na saratani ya mapafu haujathibitishwa, ingawa wengi huchanganya na tumbaku, na tumbaku haina utetezi wowote. Kwa wanaume, utafiti wa Denmark uliohusisha vijana 1,215, uliochapishwa mwaka 2015, uliona kwamba waliovuta zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na mbegu za uzazi pungufu kwa asilimia 28. Kwa mjamzito, THC huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na watoto wa mama wanaovuta huelekea kuzaliwa na uzito mdogo. Huingia pia kwenye maziwa ya mama.

Kuna ugonjwa mmoja ambao waganga wengi hawaufikirii, na natamani ujulikane. Mvutaji wa miaka mingi huanza kutapika asubuhi, kisha mchana kutwa, akakunja tumbo kwa maumivu. Anaweza kupimwa malaria, kupewa dawa za vidonda vya tumbo, kuwekewa dripu, akaruhusiwa na kurudi tena mwezi ujao na hali ileile. Dalili inayoufichua haipo kwenye maabara, ipo bafuni. Mgonjwa huona nafuu akijimwagia maji ya moto, kwa hiyo hudai maji yachemshwe ndoo baada ya ndoo, hata usiku wa manane, mpaka ngozi ya mgongo ikawiva. Madaktari wa jimbo la Australia Kusini ndio waliouandika kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Jambo la ajabu ni kwamba bangi hiyohiyo, kwa wengine, hutuliza kichefuchefu, na mgonjwa mwenyewe huvuta zaidi akidhani anajitibu. Tiba inayodumu ni kuacha.

Hoja ya dawa haipuuzwi. Tangu mwaka 1985 Marekani imeruhusu vidonge vya THC vya maabara kwa wagonjwa wa saratani wanaotapishwa na matibabu. Mwaka 2018 iliidhinisha dawa ya CBD, kanabinoidi isiyolevya, kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, ugonjwa wa Dravet na wa Lennox-Gastaut. Desemba 2020 kamisheni ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi katika kundi la dawa hatari zaidi zisizo na faida ya kitabibu. Hayo yote ni kweli, na yote yanahusu kipimo kinachojulikana, kilichoandikwa na daktari kwa ugonjwa unaojulikana. Kete iliyofungwa kwenye gazeti haina maandishi. Anayeinunua hajui kilichomo ni asilimia ngapi, wala kimechanganywa na nini.

Swali la kilichochanganywa limekuwa la hatari zaidi katika miaka hii. Vijana wa Nairobi huita bangi nzuri kush, na neno hilo halimaanishi zaidi ya hapo. Huko Sierra Leone, kush ni jina la kitu kingine: majani yaliyopuliziwa kemikali za maabara, zikiwemo kanabinoidi bandia, ambazo huvishika vitasa vya ubongo kwa nguvu kuliko THC. Vijana walianguka barabarani, wakavimba miguu, wakafa, hadi Rais Julius Maada Bio akatangaza hali ya dharura Aprili 2024. Ule usemi kwamba bangi haiui hauhusu kemikali hizi hata kidogo, na moshi wake hautofautishwi kwa macho.

Je, bangi ina uraibu? Ndiyo, ingawa si kwa wote. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba katika kila watu 100 wanaoijaribu, kama 9 hufika mahali pa kushindwa kuiacha, na kwa walioanza wakiwa chini ya miaka 18 ni kama mmoja katika sita. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta watu wanaotumia bangi ni asilimia 1.9 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 65, zaidi ya nusu milioni. Nyuma ya hesabu hiyo kuna maelfu waliojaribu kuacha peke yao wakarudi ndani ya wiki moja, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wiki hiyo ina nini. Methadoni, dawa inayotolewa katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2011, ni ya waraibu wa heroini. Kwa bangi hakuna kidonge cha namna hiyo. Kinachosaidia ni mazungumzo ya kitaalamu, ya mara kwa mara, pamoja na mtu wa karibu anayejua kinachoendelea.

Kinachoendelea ni hiki. Siku ya kwanza au ya pili baada ya kuacha, hasira huja bila sababu na chakula hakipandi. Jasho hutoka usiku, usingizi huruka. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote; ya pili hulegea, ingawa usingizi unaweza kuchelewa kutengemaa zaidi ya hapo. Kisha huja ndoto. Bangi ilikuwa imeubana usingizi ule wenye ndoto, na ukiachiliwa hurudi kwa wingi, ndoto kali zenye rangi na sauti, mara nyingine za kuota anavuta. Mama aliye chumba cha pili husikia mwanawe akipiga kelele saa tisa usiku, akadhani ugonjwa umeanza upya. Haujaanza. Kijana aliyeishi miaka mitatu bila kukumbuka ndoto hata moja, ubongo wake umeanza kuota.